Acha na Achia

Asubuhi ile winchi ilikatika jino. Haikuwa imebeba kitu, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Fundi aliuvuta tu mnyororo wake kuujaribu, kikasikika kitu ndani kama mfupa wa kuku unaovunjwa, na tangu hapo mnyororo ukawa unapita tu, haushiki. Fundi Nukta alibaki amesimama chini ya boriti ya chuma anautazama, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Wapo waliosema aliitwa Nukta kwa sababu ya umbo, maana alikuwa mfupi na wa mviringo. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya elimu. Alipokuwa na miaka arobaini na kitu alijiandikisha masomo ya jioni, akasoma miaka mitatu mfululizo na kucha zake zikiwa na grisi, na akatoka huko na tabia moja ambayo mkewe hajaisamehe mpaka leo: kila akitaka kufunga mabishano husema, "Na hapo weka nukta."

Chini ya boriti ile ilikuwa imeegeshwa pikapu ya Mkunga. Mama huyo alikuwa amestaafu zamani, lakini jina la kazi lilikuwa limemganda. Kwa miaka mingi pikapu yake ndiyo iliyowabeba akina mama wenye uchungu, nyuma kumetandikwa godoro, yeye amepiga magoti juu ya godoro, dereva anakwepa mashimo huku akitukanwa. Sasa bodi lilikuwa limeoza. Ukikaa kwenye kiti cha dereva unaiona ardhi katikati ya miguu yako. Injini peke yake ndiyo iliyobaki na nguvu, na mpwa wake mwenye karakana ya mbao aliitaka imzungushie msumeno.

"Nitaifuata keshokutwa saa kumi," Mkunga alikuwa amemwambia. "Nikute imeshatoka. Na itoke nzima, fundi. Mimi niliowatoa walitoka wazima."

"Wote?"

"Wewe ulitoka mzima, hukutoka?"

Fundi kwa kweli hakujua kama naye alipita mikononi mwa mama huyu au kwa mkunga mwingine kabla yake. Umri wa Mkunga ulikuwa kitu ambacho watu hawaulizi.

Kazi ya kuandaa aliimaliza kwa siku mbili. Boneti aliliegemeza ukutani. Maji aliyamwaga, oili ikashuka nyeusi kwenye beseni, rejeta ikatoka, feni ikatoka. Nyaya alizifunga vitambaa vya rangi kila moja na mwenzake, ili anayekuja kuziunganisha asije akamlaani. Bomba la ekzosi lilikataa, akalibembeleza kwa mafuta ya taa na nyundo, likakubali. Kilichobaki kilikuwa kuichomoa injini kwenye giaboksi na kuinyanyua. Na winchi ndiyo hiyo.

Ukutani, kwenye msumari wake, ilining'inia kamba nene ya zamani pamoja na kapi mbili za chuma. Kamba haihitaji jino. Inahitaji watu wawili: mmoja avute, mwingine aingize mikono chini ya injini aielekeze. Fundi aliitazama kamba ile, akageuza uso.

Mkewe alitokea mlango wa nyuma, ule unaounganisha karakana na jiko lao.

"Nimempigia shemeji," akasema.

"Shemeji yupi?"

"Kwani una ndugu wangapi?"

"Huyo hashiki kamba kwenye karakana yangu. Weka nukta."

"Nukta nimeweka. Na yeye yuko njiani."

Bila kutaka, mkono wa kulia wa fundi ukaenda kuushika wa kushoto, pale ambapo palikosekana kidole cha pete na kidole cha mwisho.

Mtaa mzima uliijua habari ya vidole vile, kwa sababu mwenyewe aliisimulia miaka kumi na tisa, harusini na matangani, na kila mwaka aliitia chumvi kidogo. Siku hiyo yeye na mdogo wake walikuwa wakiishusha giaboksi ya lori kwa kamba hiyohiyo. Mdogo mtu ameshika kamba, yeye yuko chini anaongoza. Giaboksi ikakaa vibaya, akapiga kelele: "Acha!" Mdogo wake akasikia "Achia!" Akaachia. Hapo fundi huunyanyua mkono wake juu, vidole vitatu, watu wote wauone.

"Acha maana yake simama hapohapo," husema, kwa sauti ya darasani. "Achia maana yake legeza, kiende. Herufi moja tu, waungwana. Herufi moja ilinila vidole viwili."

Watu walikuwa wakivunjika mbavu. Mdogo wake akabaki na jina: Achia. Watoto walilijua kabla hawajamjua mtu. Na mtu anayeitwa Achia, nani atampa kamba ashike? Alikaa mwaka mmoja anazunguka karakana za watu, wanampa chai, hawampi kazi. Mwishowe akahamia mtaa wa mbali akawa fundi wa cherehani. Cherehani haining'inizwi. Imekaa mezani, hata ukiiachia haiendi popote.

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Mchana ulikuwa umepanda. Bati la karakana lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu lilishusha uzi wa mwanga mpaka chini, nyuzi nyingi nyembamba, na vumbi likipita ndani yake linang'aa kisha linazimika. Nyuzi zile ziligusa injini hapa na pale. Alizitazama zikisogea, polepole kuliko mshale wa saa, kutoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye plagi ya kwanza, kutoka plagi ya kwanza kwenda ya pili. Joto lilimlegeza shingo. Akaisikia injini inanguruma.

Alijua kwamba haingurumi. Betri ilikuwa mezani, oili ilikuwa kwenye beseni. Hata hivyo aliisikia, chini kwa chini, kama unavyomsikia mtu anayepumua chumba cha pili, na juu ya mngurumo ule zikapita sauti za wanawake waliowahi kubebwa nyuma ya pikapu hii, wengine wanalia, mmoja anacheka, na mtoto asiye na jina bado anapiga chafya. Haikumtisha. Ilimpendeza, akaona laiti winchi ingebaki mbovu mpaka jioni.

Alipoinua kichwa, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mwanga wote uko mgongoni kwake, hana uso. Kwa kitambo kidogo alikuwa na umri wa miaka kumi. Kisha akaingia kivulini, akawa mzee wa miaka sitini na moja mwenye mkoba mdogo wa vifaa vya cherehani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na sindano?"

"Nimekuja na mikono. Sindano nimesahau kuitoa."

"Mikono yako naijua."

Mdogo mtu aliweka mkoba chini, akaizunguka pikapu mara moja, akaigusa minyororo ambayo fundi alikuwa amekwisha kuifunga kwenye injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaiangua kamba ukutani. Akaipitisha kwenye kapi, juu, chini, juu tena, na mwisho wake akauzungusha kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa pembeni. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Mara tatu?" fundi aliuliza. "Zamani ulikuwa unazungusha mara moja."

"Zamani nilikuwa na nguvu."

"Na sasa?"

"Sasa nina akili kidogo. Ingia, kaka, tufanye kazi. Saa nane hii."

Fundi alipiga moyo konde. Alifungua bolti mbili za mwisho za giaboksi, akafungua na zile za mauntini zinazoikalisha injini kwenye chasisi, akazihesabu, akazitia kwenye kopo. Kisha akapanda juu ya bampa, akainama, akaingiza mikono yote miwili chini ya injini mpaka viwiko. Chuma kilikuwa na uvuguvugu wa mchana. Shavu lake lilikuwa karibu kugusa kifuniko cha valvu. Alitaka kusema sala fupi, akaona aibu.

"Vuta," akasema.

Kamba ikalia. Injini ikatetemeka, ikajivuta mbele kidogo, ikakataa.

"Kidogo tena. Polepole."

"Polepole ndiyo hii."

Shafti ikachomoka kwenye giaboksi na mlio wa mtu anayemeza mate, na injini ikawa haijashikwa na kitu tena isipokuwa kamba. Ikanyanyua pua. Sehemu ya mbele ya pikapu nayo ikajiinua juu ya springi zake, ikapumua, kama punda aliyetuliwa mzigo. Injini ikapanda, na fundi akapanda nayo kwa mikono, akiielekeza, sentimita kwa sentimita, na nyuzi za mwanga zikawa zinaiteremka kadiri inavyokwenda juu. Akaona kama haipandi. Ni wao wanaozama: yeye na pikapu na karakana, wote wanashuka taratibu ndani ya maji ya vuguvugu, na injini imebaki pale ilipo.

Vidole vyake vilivyokatika vikaanza kuuma. Viliuma mara chache, wakati wa baridi, lakini sasa viliuma kwenye joto. Akavihisi vyote vitano vipo, vimetandazwa chini ya chuma. Je, ni chuma kipi? Harufu ilikuwa ya oili ya giaboksi. Bati lilikuwa lilelile na mwanga ulikuwa uleule, na kule pembeni, kwenye nguzo, mdogo wake aliyeshika kamba alikuwa na nywele nyeusi tena.

Kitako cha injini kikakwama kwenye chuma cha chasisi. Fundi alikiona kinakwama. Kamba ikiendelea kuvuta, injini itapinduka, itaruka. Akapiga kelele.

Sauti ilitoka mara mbili. Mara moja ilitoka leo, na mara moja ilitoka siku ile, miaka kumi na tisa nyuma, kutoka kifua hichohicho. Alizisikia zote mbili kwa masikio yake. Na zote mbili zilikuwa na i ndani yake.

"Achia!"

Injini ilisimama hewani, kimya. Haikupanda wala haikushuka. Kamba ilikuwa imekazwa kwenye nguzo kama msumari.

Fundi alitoa mkono wa kulia, akatoa wa kushoto. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kwenye mlango wa nyuma mkewe alikuwa amesimama na chupa ya chai, kiganja mdomoni.

"Nimesema nini?" fundi aliuliza, hakumwangalia mtu.

Mdogo wake aliikaza kamba kwa mikono miwili.

"Nimesema acha," fundi akasema.

"Umesema achia, mzee," mkewe alisema. "Mimi hapa nimesikia. Nimefumba macho."

"Sasa wewe," fundi akamgeukia mdogo wake, "mbona hukuachia?"

"Kaka, ukishtuka ulimi wako huwa unaongeza i. Tangu tuko wadogo. Tulipokuwa tukipasua kuni kwa ule msumeno wa watu wawili, ulikuwa unanipigia kelele 'achia, achia,' nikiachia unanipiga, nisipoachia unanisifu. Ilinichukua muda kuelewa."

"Na siku ya giaboksi?"

Mdogo mtu alivuta pumzi. "Siku ya giaboksi palikuwa na watu. Mwenye lori alikuwepo. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyesoma. Nikajiambia, leo nifuate neno kama lilivyosemwa, nisije nikaonekana mbishi mbele za watu. Nikalifuata. Kosa langu ni hilo."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia hospitali. Ulisema, 'Mimi? Nisijue tofauti ya acha na achia, mimi?' Ukaniwekea nukta." Alibadilisha mguu. "Tutaongea, kaka. Lakini mikono inaniuma, na mzigo ni wa Mkunga."

Basi wakafanya kazi. Fundi alikikwamua kitako cha injini kwa nondo, injini ikapanda tena, mpaka ikawa juu ya kila kitu. Halafu hawakuiondoa injini, waliiondoa pikapu. Ndivyo walivyozoea tangu zamani, kwa sababu gari lina magurudumu na injini haina. Fundi na mkewe waliweka mabega kwenye bampa, wakasukuma, na pikapu ikarudi nyuma bila kishindo, nyepesi, mdomo wazi, ikatoka kivulini mpaka juani. Injini ilibaki peke yake katikati ya karakana, imening'inia kwenye nyuzi za mwanga, inazunguka polepole sana, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama kitu kinachofikiri. Mke wa fundi aliacha kusukuma akaitazama.

"Sijawahi kuiona hivi," akasema. "Nzuri."

Fundi alipanga matairi mawili chini yake. Mdogo wake akaanza kulegeza kamba, mzunguko mmoja mmoja kwenye nguzo. Safari hii fundi hakutoa amri yoyote. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba mdomo, na injini ikateremka mpaka ikakaa juu ya mpira na kuhema.

Walikunywa chai. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Angetukanwa angejua la kufanya. Alikuwa akihesabu: harusi ngapi, matanga mangapi, watu wangapi waliocheka. Karakana ngapi zilizompa mdogo wake chai. Aliona anaweza kulimaliza jambo hili hapahapa, watu watatu, ndani ya ukuta. Atamwambia samahani, watashikana mikono, jioni mdogo wake atapanda gari arudi kwenye cherehani zake na jina lake. Mkewe hatasema. Mdogo wake hajasema miaka kumi na tisa. Atashindwa nini kunyamaza mingine?

Saa kumi kamili Mkunga aliingia, fimbo mbele. Nje gari la mpwa wake lilikuwa linangoja. Hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akaiwekea kiganja, akakipitisha pande zote.

"Imetoka nzima," akasema. "Kitovu mmekata vizuri." Kisha akainua macho, akamwona mtu aliyesimama kando ya nguzo. "Ala! Huyu si Achia? Fundi, ulimpa Achia ashike injini yangu? Una wazimu?"

Mdogo mtu alitabasamu kama alivyojifunza kutabasamu, akainama kuchukua mkoba wake.

Fundi Nukta alikohoa. Kwa mazoea mdomo wake ulianza kusema lile lililozoeleka: "Herufi moja tu, waungwana..." Akasimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kunyanyuka wenyewe, vidole vitatu. Akaushusha.

"Aliyesema achia ni mimi," akasema.

"Nini?"

"Siku ya giaboksi. Nilisema achia, akaachia. Alifanya nilichosema."

"Sema kwa sauti, baba. Masikio yangu yamekula chumvi nyingi."

Mkunga alikuwa anasikia vizuri kabisa, kila mtu alijua. Fundi akasema tena, kwa sauti ya harusini, mpaka mpwa aliyekuwa nje kwenye gari akachungulia.

"Nilisema achia! Mimi! Na leo nimesema tena, na angeniachia mngekuwa mnaniokota vipande. Miaka kumi na tisa namsingizia ndugu yangu."

Mkunga alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama waume waliochelewa.

"Basi hilo jina ni lako," akasema hatimaye. "Nitalipeleka mtaani mwenyewe. Kufika kesho watakuwa nalo wote."

"Lipeleke," fundi alisema. Shingo ilimwuma kwa aibu, lakini aliiacha imwume.

Mpwa aliingia, wanaume watatu wakaisukuma injini na matairi yake, wakaipandisha kwa mbao. Mkunga alikaa mbele, mkono mmoja umetokea dirishani, tayari anamweleza mpwa wake na kumcheka fundi. Gari likaondoka. Karakana ikawa na nafasi kubwa katikati ambayo nyuzi za mwanga, sasa za rangi ya asali, zilikuwa zinaipita kwa mshazari bila kugusa kitu.

Mdogo mtu alitia mkoba begani.

"Kesho linakuja lori," fundi alisema, anaitazama nguzo. "Giaboksi. Winchi haitakuwa tayari wiki nzima."

"Nani atashika kamba?"

"Wewe."

"Na nani atatoa amri?"

Fundi alifikiri. Aliona jibu linakuja, akaona halimpendezi, akaliacha lije.

"Wewe hukohuko kwenye kamba," akasema. "Mimi nitaingiza mikono, ninyamaze."

"Wewe? Unyamaze?" mkewe alicheka jikoni mpaka kifuniko cha sufuria kikamponyoka.

Mdogo wake hakucheka. Aliushusha mkoba, akautundika kwenye msumari wa kamba, uliokuwa wazi.